Franchaizi ya usafi wa ofisi baada ya miaka minne: mwongozo nyota nne, mkataba nyota moja

Nimechelewa kuandika tathmini hii kwa sababu kwa muda mrefu sikuwa na hakika kama naruhusiwa. Mkataba niliotia saini ulinikataza kutamka "jambo lolote" lililomo katika mwongozo wa kampuni, nami nikalichukua neno hilo kama lilivyo. Sasa nimeshapata ushauri. Kampuni siitaji, na sitanakili hata sentensi yake moja. Ninachopima ni kile ambacho mtu hupewa anaponunua franchaizi ya aina hii, yaani anapokodi jina na mfumo wa mtu mwingine: mafunzo ya siku nane, haki ya kutumia jina, na mwongozo wa uendeshaji wa kurasa 312 katika majalada matatu ya pete. Biashara ni usafi wa ofisi. Niliiendesha miaka minne, mkataba ukafika mwisho, sikuuhuisha. Wiki sita baadaye ikaja barua ya wakili.

Nianze na mwongozo, kwa sababu unastahili kuanza.

Kabla ya kuupata nilidhani kazi hii naijua. Nilikuwa nimesimamia wafanyakazi wa usafi kwa miaka mingi, lakini kwa mdomo tu: fanya hivi, acha vile. Kila msimamizi mpya alianza na sifuri. Jalada la kwanza lilichukua kazi ya usiku mmoja na kuivunja vipande vidogo vidogo: nani anaingia na nini mkononi, chumba kipi kinatangulia, maji ya ndoo yanabadilishwa baada ya vyumba vingapi, kikapu cha taka kinamwagwa kabla ya meza kufutwa au baada yake. (Kabla. Ukikimwaga baadaye, vumbi lake linarudi mezani.) Kilichonishika zaidi ni kwamba kila hatua ilikuwa na sababu yake kando, kwa herufi ndogo. Mfanyakazi ukimwambia afute kutoka juu kwenda chini na usimweleze kwa nini, wiki ya pili atafuta anavyojua yeye. Mwonyeshe vumbi la rafu linavyoshukia meza aliyokwisha kuing'arisha, na hutarudia maneno yako. Aliyeandika kurasa zile alikuwa amewahi kushika mopu mwenyewe. Hilo halifichiki.

Jalada la pili ndilo lililonirudishia fedha zangu. Lilikuwa na jedwali la dakika: kwa aina kumi na moja za maeneo, kuanzia ofisi ya wazi yenye zulia hadi ngazi, lifti na vyoo, lilionyesha muda ambao mfanyakazi mmoja anahitaji kwa kila mita ya mraba. Wiki tatu za kwanza nililipima kwa saa yangu, nikitafuta mahali lilipokosea. Sikupata. Kabla ya hapo, nilipoandaa zabuni nilikuwa nakisia, na mara nyingi nilishinda kazi ambayo baadaye ilinila. Kwa jedwali lile nilijua mapema zamu inahitaji watu wangapi na saa ngapi. Hakuna mtu anayelipata jambo kama hilo kwa kukaa na kufikiri. Ni matunda ya miaka ya mtu kusimama mlangoni akihesabu dakika, na kama kuna kitu katika majalada yote matatu ninachokubali kuwa ni siri ya biashara ya kweli, ni hicho.

Jalada la tatu ni dhaifu. Sura ya kutafuta wateja ingeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kumtafuta mteja. Sura ya usalama wa kemikali ni sahihi, lakini nitaeleza baadaye kwa nini ni sahihi.

Mafunzo nayapa nyota nne na nusu. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa vitendo. Siku ya kwanza asubuhi tulikuwa magotini tukisugua kona za vigae. Siku ya pili akatufundisha rangi za vitambaa: chekundu kwa vyoo, cha kijani kwa jikoni, cha buluu kwa maeneo ya kawaida, cha njano kwa sehemu zenye hatari ya maambukizi. Kitambaa cha chooni kisije kikagusa mahali pa kulia chakula, basi. Akafunga jalada, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Hii msiitoe nje. Hii ndiyo siri yetu." Tukaitikia sote kumi na wawili. Nilimwamini. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipofahamu kwamba mpangilio huo wa rangi unafundishwa wazi na Taasisi ya Uingereza ya Sayansi ya Usafi, na kwamba wauzaji wa vitambaa huuchapisha kwenye pakiti zao.

Sasa mkataba.

Kosa la kwanza ni langu: nililipa bila kuuona mwongozo. Niliomba kuuona. Nikaambiwa ni siri, nitaupata siku ya kwanza ya mafunzo, na mafunzo huanza ada ikishalipwa. Wakati ule niliona ni sawa, kwani nani anakuonyesha siri zake kabla hujamlipa? Lakini jambo hili lina ufumbuzi unaojulikana. Nchini Marekani, kanuni ya franchaizi ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2007, inamtaka mwenye chapa, yaani anayeuza franchaizi, ampe mnunuzi hati ya maelezo yenye vipengele 23, siku 14 kamili kabla ya kutia saini au kulipa. Kipengele cha 11 kinataka hati hiyo iwe na yaliyomo ya mwongozo, pamoja na idadi ya kurasa kwa kila mada na jumla ya kurasa zote, isipokuwa kama mnunuzi anapewa nafasi ya kuusoma mwongozo wenyewe kabla ya kununua. Ukiona kwamba kurasa tisini ni za usafi na sita tu ni za kutafuta wateja, unajua unachonunua, na hakuna siri iliyovuja. Ningeliona karatasi hiyo moja, ningeuliza maswali mengine kabisa.

Kosa la pili liko katika maneno ya kifungu cha usiri. Kilisema mwongozo wote ni siri, "pamoja na kila taarifa iliyomo". Kila taarifa. Kipimo cha kuchanganya dawa ya sakafu kimo ndani ya mwongozo, nacho kimechapishwa kwenye chupa ya dawa hiyohiyo. Kifungu kinachofuata kilinitaka nibandike chati ya rangi za vitambaa kwenye ukuta wa stoo ya kila mteja. Kwa hiyo siri yetu ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye majengo ambamo kila fundi wa umeme, mlinzi na mpeleka vifurushi alipita akaisoma. Wafanyakazi wangu walitakiwa kutia saini fomu ya usiri ya kurasa tano kabla ya kukabidhiwa mopu. Nilisimama nao mmoja mmoja nikiwasomea. Mama mmoja aliniuliza kama akimwonyesha binti yake namna ya kukunja kitambaa mara mbili ili apate pande nane za kufutia, atakuwa amevunja sheria. Sikuwa na jibu, na lile swali limenikaa mpaka leo.

Nilipoondoka nilianzisha kampuni yangu ndogo, nikawaandikia wafanyakazi wangu kitini cha kurasa 38. Kitini hicho kikafika mikononi mwa kampuni ya zamani, sijui kwa njia gani. Barua ya wakili wao ilidai mambo manne: kwamba nimenakili mwongozo na kuvunja hakimiliki, kwamba natumia siri zao, kwamba nisifanye biashara ya usafi kwa miaka miwili mahali popote wanapofanya kazi, na kwamba nirudishe kila nakala ya mwongozo na kuharibu kitini changu ndani ya siku kumi. Nililala saa mbili usiku ule.

Hapa naingiza tathmini ya pili ndani ya hii: wakili niliyempata ni nyota tano bila kusita. Ni mama mtu mzima, mpole wa sauti, na alinipa kazi ya kufanya badala ya kunipa maneno ya kunituliza. Aliniambia nilete majalada yote matatu, kitini changu, na kalamu za rangi mbili. Tukakaa siku nzima. Kila sentensi ya kitini iliyofanana na mwongozo kwa maneno tuliipigia mstari kwa nyekundu. Kila iliyofanana kwa jambo lakini si kwa maneno, kwa buluu. Alisema watu wengi wanaogombana juu ya miongozo ya franchaizi hawafanyi kazi hii hata siku moja. Wanagombania kitabu kizima, huyu akisema chote ni changu, yule akisema chote ni maarifa ya wazi, na hakuna aliyekifungua.

Kurasa nyingi zilibaki na buluu tupu. Ukurasa wa 17 na wa 18 ulijaa nyekundu. Ilikuwa orodha ya ukaguzi wa vyoo. Alisoma ya kwao, akasoma ya kwangu, akavua miwani.

"Mama, ya saba iko wapi?"

Sikuelewa. Akaniwekea vidole kwenye karatasi zote mbili. Orodha ya kampuni ilikuwa na kosa la uchapaji: namba zilitoka 6 zikaenda 8. Yangu vilevile. Miaka minne orodha ile ilikuwa mbele ya macho yangu, na nilipokaa kuandika kitini niliichukua kutoka karatasi iliyobaki kwenye faili, nikabadilisha maneno mawili matatu, nikajiambia ni yangu. Pengo la namba saba lilisema kweli ambayo mimi nilikuwa siisemi. Niliona haya sana, na nasema hapa wazi kwamba katika kurasa hizo mbili kampuni ilikuwa na haki. Nilikuwa nimenakili.

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia, lakini Wakili, mwongozo wao haujasajiliwa popote, nimeangalia. Akatikisa kichwa. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ulivyorekebishwa Berlin mwaka 1908, uliondoa sharti la kusajili: kazi ikishaandikwa, inalindwa. Alama ya hakimiliki chini ya ukurasa si lazima, na kukosekana kwake hakumpi mtu ruhusa.

Kisha akageukia kurasa za buluu, na hapo ndipo nilipoanza kupumua. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa. Jambo lenyewe haililindi. Hilo limeandikwa katika TRIPS, makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali ya ubunifu ya mwaka 1994, kifungu cha 9: ulinzi unafika kwenye maelezo, haufiki kwenye mawazo, taratibu, njia za uendeshaji wala kanuni za hesabu. Utaratibu wa kumwaga kikapu kabla ya kufuta meza ni utaratibu. Yeyote anaweza kuutumia na kuueleza kwa maneno yake.

Alinisimulia kesi mbili ambazo nimezisoma mwenyewe baadaye. Ya kwanza ni ya Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1879, kati ya Baker na Selden. Charles Selden aliandika kitabu akieleza mfumo wa kutunza hesabu, kikiwa na kurasa za fomu tupu zenye safu na vichwa. Baker akatoa fomu zenye mpangilio unaokaribiana, kwa ajili ya mfumo unaofanana. Mahakama ikasema hakimiliki ya kitabu haimpi mwandishi umiliki wa mfumo ambao kitabu kinaufundisha. Akitaka kuumiliki mfumo, njia yake ni hataza, yaani haki ya uvumbuzi inayotolewa na serikali.

Ya pili ilinigusa zaidi kwa sababu inahusu watu waliofundishwa kisha wakaondoka. Bikram Choudhury alikuwa akifundisha yoga ya mikao 26 na mazoezi mawili ya kupumua katika chumba chenye joto kali, na alikuwa na kitabu kilichoueleza mfuatano huo. Watu wawili waliopitia mafunzo yake ya ualimu wakaanzisha studio yao iitwayo Evolation Yoga na kufundisha mfuatano uleule. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya shirikisho nchini Marekani ikaamua kwamba mfuatano ule ni mfumo, na kitabu kinalindwa kwa maneno na picha zake tu. Nilipoisoma nilimfikiria yule mama wa kukunja kitambaa.

Lakini wakili hakuniachia niende na furaha ya upande mmoja. Akaniwekea kesi ya tatu, ya kampuni ya programu ya SAS dhidi ya World Programming. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwaka 2012 ilikubali kwamba kazi ambazo programu inafanya hazilindwi kwa hakimiliki, ila ikaacha wazi suala la maneno ya mwongozo wa watumiaji. Kesi iliporudi London, mwaka 2013, waliotengeneza programu shindani walishinda karibu kila kitu, isipokuwa mwongozo wao, ambao ulionekana kufuata maneno ya mwongozo wa SAS kwa karibu mno. Mfumo ukawa halali, kitabu kikawa na hatia. "Hiyo ndiyo kesi yako," akaniambia. "Kurasa 36 halali, kurasa mbili hapana."

Madai ya siri yanakwenda njia nyingine. Siri haijali maneno. Unaweza kuandika upya kila sentensi na bado ukawa umetoboa siri. Ila siri lazima iwe siri. TRIPS, kifungu cha 39, ina masharti matatu: taarifa isijulikane kwa urahisi kwa watu wa fani ile, iwe na thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amechukua hatua za maana kuilinda. Mahakama za Uingereza zina kipimo chao kilichowekwa mwaka 1968 katika kesi ya injini ya pikipiki ndogo, Coco dhidi ya Clark: taarifa iwe na asili ya usiri, iwe imetolewa katika mazingira ya kuaminiana, na itumiwe bila idhini kwa hasara ya aliyeitoa. Rangi za vitambaa zinaanguka katika sharti la kwanza kabisa. Kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, hivyohivyo. Kampuni yenyewe ilikuwa ikitutumia picha za kurasa za mwongozo kwenye kundi la WhatsApp la washirika, yaani sisi tulionunua franchaizi, kundi ambalo watu watatu walioacha biashara bado walikuwamo. Wakili aliniomba orodha ya wanakundi, akaichapisha, akaiweka kwenye faili kimya kimya.

Jedwali la dakika halikuanguka. Niliuliza itakuwaje kwa sababu baadhi ya tarakimu nimezishika kichwani. Huwezi kutumia jedwali miaka minne na kulisahau siku moja. Akanieleza kesi ya Faccenda Chicken na Fowler, ya Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1986, iliyotofautisha ujuzi ambao mfanyakazi huondoka nao kama sehemu ya uwezo wake na siri nzito ambazo haruhusiwi kuzitumia hata baada ya kuondoka. Fowler alishinda: alikuwa ameondoka, akaanzisha biashara shindani ya kuuza kuku kwa magari, na habari za bei na njia za mauzo alizokuwa nazo hazikuhesabiwa kuwa siri za daraja la juu. Lakini, akasema wakili, wewe hukuwa mfanyakazi. Ulitia saini mkataba wa biashara unaotaja jedwali hilo kwa jina. Usicheze nalo. Nikalirudisha, na nikaanza kupima majengo ya wateja wangu wapya kwa saa yangu, chumba kwa chumba. Ilinichukua miezi mitano kupata jedwali langu. Lina aina tisa za maeneo, na tarakimu zake hazilingani na za kwao, kwa sababu wafanyakazi wangu na mashine zangu si za kwao.

Sasa nirudi kwenye jalada la tatu, maana kuna mambo mawili ndani yake yaliyonichoma. La kwanza ni kurasa za usalama wa kemikali. Tulipokuwa tukilinganisha, wakili alichukua kipeperushi cha mtengenezaji wa dawa na kukiweka kando ya mwongozo. Kurasa tatu zilikuwa zilezile, neno kwa neno, na chini yake alama ya hakimiliki ya kampuni iliyokuwa ikinidai kwa kunakili. Isitoshe, ukurasa wa ndani wa jalada la kwanza ulitaja jina la mtaalamu wa nje aliyeandika mwongozo. Wakili akaandika barua fupi kuomba hati ya kuhamisha hakimiliki kutoka kwa mtaalamu huyo kwenda kwa kampuni, kwa sababu katika nchi nyingi mwandishi wa kujitegemea hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Majibu ya barua nyingine yalikuja ndani ya siku tatu. La barua hiyo lilikawia wiki saba.

La pili ni fomu ya kukabidhi zamu.

Mwaka wangu wa pili tulikuwa na jengo lenye zamu mbili za usiku, na kila asubuhi kulikuwa na lawama: nani aliacha mlango wa stoo wazi, nani alitumia mashine ikaharibika asiseme. Msimamizi wangu wa zamu ya pili, mtu asiyependa kugombana, alichora fomu nyuma ya kalenda ya zamani. Safu tano. Iliyokuwa mpya ni safu ya nne, "niliyoyakuta", ambapo anayeingia anaandika hali aliyoikuta kabla ya yule anayetoka hajaondoka, na wote wawili wanatia saini wakiwa wamesimama pamoja. Lawama ziliisha ndani ya wiki mbili. Mkaguzi wa kampuni alipokuja aliipenda, akaipiga picha. Miezi minane baadaye ikatoka chapa mpya ya mwongozo na fomu ikawa ndani, ukurasa wa 288, ikiwa na nembo ya kampuni. Jina la mtu yeyote halikuwapo. Nilimwonyesha msimamizi wangu. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Wameinyoosha mistari."

Mkataba uliruhusu. Kifungu kimoja, nilichokisoma harakaharaka siku ya kutia saini, kilisema kila uboreshaji utakaofanywa na mshirika au watu wake ni mali ya kampuni tangu unapozaliwa. Kwa hiyo barua ya madai ilipotaja "fomu za kampuni" miongoni mwa vitu ninavyotumia kinyume cha sheria, fomu ile ilikuwa ndani ya hesabu. Tulikuwa tumekatazwa kutumia kitu kilichochorwa na mtu aliyekuwa ameketi ofisini kwangu, anayefanya kazi kwangu mpaka leo. Hapa ndipo nyota za mkataba zinapoangukia moja, na ningeweka sifuri kama ingewezekana. Ninaelewa mwenye chapa anahitaji maboresho yasambae kwa wote. Mimi mwenyewe nilitumia mbinu zilizobuniwa na washirika wengine. Haki ya kulitumia wazo langu ningewapa kwa moyo mweupe. Kumnyang'anya aliyelibuni haki ya kulitumia ni jambo jingine.

Wakili alishika kesi ya Selden kwa nguvu: fomu tupu inayoendesha utaratibu si mahali hakimiliki inapoota mizizi, na hakuna siri katika karatasi iliyokuwa imebandikwa mlangoni. Walibishana naye kwa barua tatu. Mwishowe walikubali kwa maandishi kwamba tuitumie bila kikomo, ila wakakataa kuandika kwamba ilitoka kwetu.

Mengine yalimalizika bila mahakama. Nilifuta kurasa zangu mbili na kuandika upya orodha ya vyoo nikiwa nimeketi chooni na daftari, nikitazama kilichopo badala ya karatasi ya mtu. Dai la miaka miwili lilishuka: nilikubali kutowafuata wateja walionipata kwa jina lao kwa miezi kumi na miwili. Wakili alikuwa amewakumbusha kwamba hata Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake 2022/720, unavumilia katazo la kushindana baada ya mkataba kwa mwaka mmoja tu, tena kwa jengo na kiwanja alipofanyia mtu biashara, na kwa ujuzi ambao ni wa siri, wa maana na unaotambulika. Sheria ile haitufungi sisi, ila hilo neno "unaotambulika" ndilo ninalotaka anayesoma hapa aondoke nalo. Ukitaka kununua franchaizi, omba kwenye mkataba iambatishwe orodha ya kurasa zilizo siri, kwa namba. Mwongozo wangu wa kurasa 312 ungetoa labda kumi na tano. Mwenye chapa aliye na siri za kweli hapotezi kitu kwa kuzitaja namba. Na kama unaingia ukiwa na fomu, hesabu au mbinu zako, ziandike, zitie tarehe, mpe nakala kabla hujatia saini, na sema kwa maandishi kwamba hizi nimekuja nazo. Kifungu cha maboresho usikisome harakaharaka kama nilivyofanya mimi.

Niliomba pia mapatano yasinizuie kusimulia. Walikataa mara mbili, wakakubali mara ya tatu, kwa sharti la kutotaja jina lao wala tarakimu za jedwali. Nimelitimiza.

Siku ya kurudisha majalada, karani wao alihesabu kurasa moja moja mbele yangu kwa karibu saa nzima, akaniandikia risiti. Kitini changu sasa kina kurasa 41. Kwenye ukurasa wa fomu ya kukabidhi zamu, chini kabisa, limeandikwa jina kamili la aliyeichora, na safu ya nne imebaki kama alivyoiita mwenyewe.